Kichaka cha Maua Kimegoma: Ung'oe, Uhamishe au Usubiri?

Swali hili haliishi: "Nimepanda waridi, huu mwaka wa tatu, halirefuki wala halichanui. Niling'oe?" Kesho yake anakuja mwingine na hibiskasi yenye majani ya manjano, au bogonvilia iliyosheheni majani bila ua hata moja. Wote nawaambia waweke jembe chini kwanza. Kabla ya kung'oa ni lazima ujue mwenye shida ni mmea wenyewe au ni mahali uliposimama. Usipolijua hilo, mche utakaouleta badala yake utaingia kwenye shimo lile lile na kukutana na shida ile ile.

Mimi nimelijua hili kwa kupoteza gadenia mbili. Ya kwanza ilipauka majani, nikasema mche ni mbovu, nikaing'oa na kupanda nyingine palepale. Haikumaliza mwaka nayo ikawa ya manjano, mishipa ya majani imebaki kijani kana kwamba imechorwa kwa kalamu. Hapo ndipo nilipochimba kwa makini, nikakuta mabonge ya saruji na lipu iliyomwagwa wakati ukuta wa jirani na shimo unajengwa. Gadenia hutaka udongo wenye asidi. Chokaa iliyomo kwenye saruji huiua ile asidi, na mmea hushindwa kuvuta madini ya chuma hata kama yamo tele ardhini. Miche yote miwili haikuwa na kosa.

Uchunguzi ninaoueleza hapa unaweza kuumaliza kwa siku moja. Kinachotaka uvumilivu ni kusubiri matokeo.

Andaa hivi kwanza

- Makasi ya kupogolea yenye makali, na msumeno mdogo kwa mashina mazito
- Jembe, na sepetu au beleshi
- Kisu kidogo
- Ndoo ya maji na kijiti chenye alama za sentimita
- Spiriti ya asilimia 70 na kitambaa, kwa kufutia makasi kila unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine
- Kipimo cha pH ya udongo (yaani kiwango cha asidi yake), kama unaweza kukipata
- Glavu
- Simu ya kupigia picha, au daftari
- Jina kamili la mmea wako

Hilo la mwisho watu hulipuuza, nami naliweka juu ya mengine yote. "Ua jekundu" si jina. Ukijua jina utajua mmea unataka jua au kivuli, unafika urefu gani ukikomaa, na unachanua kwenye tawi la mwaka huu au la mwaka jana. Nusu ya wanaoniuliza hupata jibu lao siku wanapolijua jina tu.

Hatua ya 1: Hesabu umri wa mmea tangu uupande hapo

Kichaka kilichotoka kwenye kiriba au chungu hutumia mwaka wa kwanza kusambaza mizizi, na juu unaona kimya. Mwaka wa pili huongeza matawi kidogo. Mingi huchangamka mwaka wa tatu. Kwa hiyo kama wako una miezi 10, una majani ya kijani na hauna ugonjwa, mwache. Uko kazini chini ya ardhi. Mmea uliohamishwa ukiwa mkubwa nao uanzie hesabu upya, na mara nyingi huhitaji muda mrefu zaidi.

Kudumaa ni jambo moja, kurudi nyuma ni jambo jingine. Matawi yakikauka moja baada ya jingine mwezi hadi mwezi, usisubiri miaka mitatu. Nenda hatua inayofuata leo.

Hatua ya 2: Kwaruza gome

Anzia ncha ya tawi. Kwa ukucha au kisu, ondoa gome jembamba, eneo dogo kuliko punje ya mchele. Ukiona kijani chenye unyevu, tawi lina uhai. Ukiona kahawia iliyokauka, shuka chini kidogo na ukwaruze tena, hivyo hivyo hadi ufike palipo kijani au ufike ardhini. Rudia kwenye mashina manne au matano ya pande tofauti, kwa sababu kichaka kinaweza kufa upande mmoja na kuwa kizima upande wa pili.

Palipokauka kata kurudi hadi penye kijani. Kama mashina yote ni makavu, fukua udongo kidogo ukwaruze chini ya usawa wa ardhi. Baada ya ukame mkali au baridi ya kugandisha, vichaka vingi hufa juu na kuchipua tena kutoka chini, hivyo vipe msimu mmoja wa kukua kabla ya kuvizika.

Onyo: usihukumu kwa majani peke yake. Kuna mimea inayopukutisha majani yote katika majira yake ya kupumzika na ni mizima kabisa.

Hatua ya 3: Soma majani, ya juu na ya chini kwa kutofautisha

Majani machanga yakiwa ya manjano na mishipa ikibaki kijani, mara nyingi ni upungufu wa chuma, na mara nyingi chanzo chake ni udongo kukosa asidi ambayo mmea huo unaihitaji. Manjano ikianzia majani ya zamani ya chini ikipanda juu, fikiria naitrojeni. Mmea ukinyauka huku udongo umelowa, mizizi imekosa hewa au imeoza. Kuumwagilia zaidi hapo ni kuumalizia.

Pindua jani utazame mgongoni: vidukari, utitiri, wadudu gamba walioganda kwenye vikonyo kama chembe za nta. Unga mweusi juu ya jani unaofutika kwa kidole ni ukungu unaoota kwenye utomvu mtamu wanaoutoa vidukari na wadudu gamba. Wadudu peke yao ni mara chache sana kuwa sababu ya kung'oa. Osha, pogoa sehemu zilizojaa, songa mbele.

Hatua ya 4: Hesabu saa za jua

Chagua siku isiyo na mawingu. Piga picha ya mmea saa 2 asubuhi, saa 4, saa 6, saa 8 na saa 10 jioni. Waridi, bogonvilia, hibiskasi na lavenda hutaka jua la moja kwa moja la saa 6 au zaidi kwa siku. Chini ya hapo vitaishi, vitarefusha shingo kutafuta mwanga, lakini maua yatakuwa ya kuhesabu.

Wengi hubisha: "Mbona zamani lilichanua hapohapo?" Tazama juu. Mti wa jirani umekua na kivuli kimesogea. Mahali pamebadilika bila wewe kugusa kitu.

Hatua ya 5: Fukua shingo ya mmea

Hapa ndipo ninapopata majibu mengi kuliko hatua nyingine zote, kwa hiyo usiiruke. Piga magoti, ondoa matandazo na udongo kwa mkono taratibu pale shina linapoingia ardhini. Unatafuta mahali shina linapotanuka na kuanza kuwa mizizi. Panapaswa kuwa sawa na uso wa ardhi. Ikiwa umefukua sentimita 8 au 10 na bado hujapaona, mmea ulizikwa. Gome la shingo halikuumbwa kukaa kwenye unyevu muda wote: hulainika, huoza, na juu unaona mmea unaosinzia miaka na miaka.

Kosa hili si la siku ya kupanda tu. Watu hulundika matandazo kila msimu kuegemeza kwenye shina wakidhani wanalitunza.

Ukiwa hapo chini, tazama pia mizizi inayozunguka shina kama kamba. Niliwahi kung'oa plumbago iliyokaa miaka minne ardhini bila kuzidi goti langu. Ilitoka kwa mkono mmoja. Mizizi ilikuwa bado na umbo la chungu ilichonunuliwa nacho, imejizungusha mara nne au tano, na mmoja wenye unene wa penseli umekaza shina hadi umelitia kovu. Miaka minne ya maji na samadi, na haikuwa imetoka nje ya shimo lake. Mzizi mwembamba wa namna hiyo ukikatwa mapema mmea huokoka. Ukishazama ndani ya shina, kwa kawaida umechelewa.

Mwisho chimba pembeni utoe mizizi michache midogo uitazame mchana kweupe:

- Mizizi mizima ni migumu, mingi ikiwa myeupe au ya kahawia nyepesi ndani.
- Iliyooza ni myeusi, laini, na ukiivuta ngozi yake inachomoka ikiacha uzi katikati.
- Vifundo vidogo vingi kwenye mizizi ni dalili ya minyoo fundo, minyoo midogo sana ya udongoni.
- Utando mweupe kati ya gome na mti chini ya shina, wenye harufu ya uyoga, ni ugonjwa wa kuvu wa mizizi. Huo hauna tiba ya bustanini. Ng'oa.

Hatua ya 6: Pima maji yanavyozama

Chimba shimo la kina cha sentimita 30 karibu na mmea, nje ya mizizi mikubwa. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na usimamishe kijiti chenye alama. Yakishuka sentimita 2.5 hadi 5 kwa saa, ardhi iko vizuri. Yakishuka chini ya hapo, maji yanatuama na mizizi inakosa hewa. Yakishuka zaidi ya sentimita 10 kwa saa, udongo haushiki maji, na mmea wako huenda una kiu kila siku mchana hata kama unamwagilia asubuhi.

Ule ujazo wa kwanza usiupime. Ardhi kavu hunywa haraka na itakudanganya.

Hatua ya 7: Jikague wewe mwenyewe

Umekata lini, na umeweka mbolea gani? Haidrenjia ya majani mapana na azalia huandaa matumba yao msimu unaotangulia. Ukizipogoa kabla tu ya kuchanua, umetupa maua yote kwenye jaa. Hizo hupogolewa mara zinapomaliza kuchanua. Hibiskasi na aina nyingi za waridi za siku hizi huchanua kwenye machipukizi mapya, hivyo hustahimili kukatwa.

Mbolea yenye naitrojeni nyingi, hata ile uliyomwagia nyasi jirani, hufanya kichaka kiote majani na kusahau maua. Bogonvilia inayobembelezwa kwa maji kila siku hufanya vivyo hivyo. Iache ikauke kidogo kati ya kumwagilia, uone.

Kama waridi lako ni la kubebeshwa, yaani limeunganishwa juu ya shina la waridi jingine, chunguza machipukizi yanayotoka chini ya kiungo. Yakiachwa, shina la chini hulitawala lile ulilonunua, na ndiyo maana mtu husema "waridi langu limebadilika rangi". Yang'oe kwa kuyavuta kutoka yanapoanzia, kwani ukiyakata juu yatarudi mengi zaidi.

Hatua ya 8: Rekebisha jambo moja, kisha subiri msimu mmoja

Jambo moja. Ukiongeza mbolea, ukapunguza maji na ukakata matawi wiki hiyo hiyo, hutajua kilichoponya wala kilichoua. Piga picha leo, kisha upige nyingine kutoka pale pale kila mwezi. Jicho husahau haraka, picha haisahau.

Kichaka kizee kilichojaa mashina makavu, ambacho mizizi yake ni mizima, kifufue kwa miaka mitatu: kila mwaka toa theluthi ya mashina ya zamani kabisa hadi karibu na ardhi. Kikimaliza kina mashina mapya peke yake. Kuna vichaka vinavyokubali kukatwa vyote kwa siku moja hadi sentimita 20 au 30, lakini hakikisha jina kwanza. Lavenda, rozimeri na saipresi ukizikata hadi kwenye mti mtupu usio na majani, kwa kawaida hazichipui tena.

Hatua ya 9: Toa hukumu

Subiri, kama umri haujafika miaka mitatu na mmea haurudi nyuma, au kama umerekebisha jambo na dalili ya kupona imeanza, hata chipukizi mbili za chini.

Hamisha, kama mizizi na gome ni vizima ila jua, udongo au nafasi haviufai mmea. Kichaka kinachofika mita 3 kilichopandwa chini ya dirisha, unachokikata kila mwezi ili upate mwanga, si kigonjwa. Kimewekwa pasipo pake. Kihamishe kipindi cha mvua au ubaridi, wakati hakitoi machipukizi, na chukua bonge la udongo lenye upana wa sentimita 25 hadi 30 kwa kila sentimita 2.5 za unene wa shina.

Ng'oa, kama zaidi ya nusu ya mashina yamekufa na chini hapachipui. Kama shingo imeoza kuzunguka pande zote. Kama ni ugonjwa wa mizizi usiotibika. Au kama umerekebisha chanzo, umeupa msimu mzima, na picha zinaonyesha unazidi kupungua. Mimi naongeza sababu moja ambayo watu huona haya kuitaja: kama huupendi. Bustani ni yako, na kuumwagilia kwa kinyongo mmea usioupenda miaka mitano hakukusaidii wewe wala wenyewe. Mpe mtu mwingine, upande unachokitaka.

Hatua ya 10: Ng'oa vizuri, panda vizuri

Kata matawi yote ubakize shina la kushikia, kama sentimita 50. Chimba mfereji kuzunguka, kata mizizi kwa sepetu au msumeno, yumbisha shina, lenga mizizi ya chini, toa. Okota mizizi minene iliyobaki, hasa kama kulikuwa na ugonjwa.

Onyo la olianda: mmea wote una sumu, hata moshi wake. Usichome matawi yake, vaa glavu, na usiyaache mifugo au watoto wanapofika. Mimea yenye ugonjwa wa mizizi nayo usiitupe kwenye mboji.

Usipande waridi palipokuwa na waridi. Udongo huo huchoka kwa namna ambayo waridi jipya hudumaa ingawa mimea mingine hustawi hapo. Kama ni lazima, ondoa udongo wa kina na upana wa sentimita 45 hivi, ulete mwingine kutoka sehemu nyingine ya bustani.

Shimo jipya liwe pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini kina kisizidi urefu wa bonge. Tandua mizizi inayozunguka, shingo ibaki usawa wa ardhi, mwagilia hadi udongo utulie, kisha tandaza matandazo ya sentimita 5 hadi 8 ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kung'oa katikati ya kiangazi kwa hasira. Kuumwagia mbolea mmea wenye mizizi iliyooza, ambao hauna mdomo wa kuila. Kuchimba shimo refu lililojazwa mboji tupu kwenye udongo mzito wa mfinyanzi: linageuka bakuli, maji hukusanyika humo, na mizizi hukataa kutoka. Na kuacha kununua mche mpya hadi uone maua, kisha kuchagua ule uliochanua sana kwenye chungu kidogo. Utoe kwenye chungu uone mizizi kabla ya kulipa.

Ukikwama

*Kichaka kimoja cha uzio wa mimea kimekufa, vingine vizima.* Fukua mizizi ya kilichokufa na ya jirani zake wawili. Mizizi ya jirani ikiwa mizima, jaza pengo. Ikiwa na dalili zile zile, simama kwanza, ugonjwa unatembea.

*Nimehamisha, majani yote yamepukutika.* Kwaruza gome. Likiwa kijani, mmea umepunguza mzigo ili mizizi iwahi. Weka udongo na unyevu wa wastani, uukinge na jua kali kwa wiki mbili tatu, na usitie mbolea.

*Nimekata hadi chini, wiki sita hakuna kitu.* Kama ni msimu wa kukua na gome la kisiki ni kijani, ongeza wiki sita nyingine. Kama gome ni kahawia hadi mizizini, umekufa.

*Matumba yanatoka, yanadondoka kabla ya kufunguka.* Angalia umwagiliaji kabla ya kitu kingine: kukauka kabisa kisha kulowa sana huangusha matumba ya gadenia na hibiskasi. Kisha pasua tumba moja katikati utazame kama kuna vithiripi, wadudu wembamba kama kipande cha uzi.

*Mche wa pili nao umekufa palepale.* Usipande wa tatu. Rudia hatua ya 5 na ya 6, pima pH, na kama huwezi kupata chanzo, paache pakae mwaka mzima na nyasi au mboga, kichaka chako kikianza maisha mita kadhaa kutoka hapo, kwenye udongo ambao umekwisha kuujaza maji na kuyaona yakizama.